Piloti aliyerudi juu hakupotea

Ilikuwa mwezi wa kwanza, saa za alasiri, wakati ule ambapo mawingu ya Katanga yanasimama marefu kama milima. Tulikuwa tunatoka Kinshasa, ndege imejaa mpaka kiti cha mwisho, na Luano ilikuwa chini yetu. Kwa dirisha niliona malata ya nyumba, kisha njia ya udongo mwekundu, kisha majani ya kando ya pisti. Mama aliyeketi karibu nami alikuwa amekwisha kuingiza miguu ndani ya viatu na kufunga kitenge chake vizuri. Mtu wa nyuma alikuwa amewasha simu, tunasikia mesaji zinaingia. Ilibaki kidogo tu magurudumu yaguse chini. Halafu moteri zikalia kwa nguvu, migongo ikabanwa kwenye viti, pua ya ndege ikainuka, na ile pisti tuliyoingojea tangu Kinshasa ikapita chini yetu na kupotea.

"Mama e! Shi tulishafika?"

"Uyu piloti alipoteya njia!"

"Eko anatucheza!"

Kule mbele mtu alianza kuomba kwa sauti, na wengine wakaitika. Hostesi alikuwa amejifunga kwenye kiti chake, anatazama chini. Baada ya muda sauti ya rubani ilisema mambo kwa Kifaransa, haraka-haraka, moteri zikameza nusu ya maneno. Tukazunguka. Robo saa baadaye tukatua, vizuri kabisa, watu wakapiga makofi. Pale kwenye ngazi bwana mmoja wa koti na tai alisimama mbele ya rubani na kumwambia: "Mulituogopesha bure." Rubani, mtu wa makamo, alijibu bila kukasirika: "Ile ya kwanza haikukuwa muzuri, papa. Njo maana tulipanda."

Alisema hayo tu. Kutoka Luano mpaka kwetu Likasi ni kilomita 120 hivi za barabara, na ndani ya gari watu waliifanya ile safari kuwa ajali. Kila mmoja aliongeza kidogo. Tulipofika Kambove-pembeni, ndege ilikuwa karibu kuvunjika vipande. Mimi pia niliogopa, sitaki kudanganya. Lakini tangu siku ile nimesoma mengi juu ya jambo hili, na kadiri ninavyosoma ninaona kwamba sisi abiria tunalia mahali pasipofaa. Ajali nyingi zilizotuua katika nchi hii na kwa majirani zilitoka kwa ndege ambazo hazikurudi juu, au zilirudi juu wakati umekwisha kupita.

Marubani wanaiita kwa Kifaransa remise des gaz. Katika Kiswahili chetu tuseme kupanda tena, au kurudi juu. Maana yake ni hii: ndege inashuka kutua, rubani anaona kuna jambo moja ambalo haliko sawa, anaacha kutua, anatoa nguvu zote za moteri, anapanda, anajipanga upya. Jambo lenyewe linaweza kuwa mbio iliyozidi, upepo uliogeuka, mvua iliyoficha pisti, ndege nyingine ambayo haijatoka njiani, au mbuzi. Ndiyo, mbuzi, au mtu wa baiskeli anayekata pisti kwa sababu njia ya kuzunguka uzio ni ndefu. Katika viwanja vyetu vidogo hayo si mambo ya kuchekesha.

Kuna shirika moja la usalama wa ndege huko Marekani, Flight Safety Foundation, lililochunguza jambo hili kwa miaka mingi, likatoa ripoti yake mwaka 2017. Lilikuta kwamba kati ya ndege 100 zinazoshuka vibaya, yaani nje ya kanuni ambazo kompanyi zenyewe zimejiwekea, ni 3 tu ambazo rubani wake anakubali kupanda tena. Nyingine 97 zinaendelea kushuka na kutua. Nyingi zinafika salama, na hapo ndipo ubaya ulipo, kwa sababu rubani anajifunza kwamba inawezekana. Mara ya kumi inawezekana. Mara ya hamsini inawezekana. Na kupanda tena kunaonekana kama aibu: ratiba inachelewa, mafuta yanaungua, abiria wanalalamika, bwana wa koti anangoja kwenye ngazi.

Sisi Wakatanga tuna kumbukumbu yetu hapa. Tarehe 12 Februari 2012 ndege ndogo ya jeti, aina ya Gulfstream, ilishuka Kavumu, uwanja wa Bukavu. Ndani yake alikuwemo Augustin Katumba Mwanke, mshauri mkubwa wa rais Joseph Kabila na gavana wa zamani wa Katanga. Alikuwemo pia Matata Ponyo, wakati ule waziri wa fedha, ambaye miezi miwili baadaye alifanywa waziri mkuu. Pisti ya Kavumu ina mita 2,000 hivi, na uwanja wenyewe uko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Ndege iligusa chini mbali, pisti imekwisha kuliwa sehemu yake kubwa, ikashindwa kusimama, ikapita mwisho na kuanguka kwenye bonde. Katumba Mwanke alikufa, marubani wote wawili walikufa, waziri na wengine wakatolewa wamejeruhiwa. Hapa Likasi na kule Lubumbashi watu waliongea mengi siku zile, siasa juu ya siasa. Mimi ninabaki na ile pisti. Ndege inayogusa mbali namna ile, kabla haijagusa, bado ina mlango mmoja ulio wazi: kwenda juu. Sekunde chache baadaye mlango ule umefungwa.

Kwa nini umefungwa? Ndege ya jeti ikishagusa chini, rubani anafungua vile vifaa vya moteri vinavyosukuma hewa kwenda mbele ili kuipunguza mbio. Akishavifungua, kanuni ya ndege nyingi ni kwamba hakuna kupanda tena. Anabaki chini na kusimama, hata kama mwisho wa pisti unakuja. Kwa hiyo uamuzi wote unapaswa kufanywa kabla. Na mtu hawezi kuufanya vizuri akianza kufikiri pale pale, mita 20 juu ya ardhi, mvua inapiga kioo. Lazima awe ameufanya zamani, wakati bado ametulia huko juu.

Hapo ndipo kazi ya kupanga inapoanza, na ni kazi ambayo abiria haioni. Kabla ya kuteremka, marubani wawili wanaongea. Wanasema kwa sauti: tutashuka kwa njia hii, mbio yetu itakuwa hii, na tukifika urefu fulani tukiwa hatuoni pisti, tunapanda. Makompanyi mengi yameweka malango mawili: ndani ya mawingu, futi 1,000 juu ya pisti, yaani mita 300, wakati anga ni safi, futi 500, nusu yake. Ndege inapopita kwenye lango inapaswa kuwa imenyooka kwenye mstari, mbio iko sawa, magurudumu yako nje, mabawa yamepangwa, haiteremki kwa pupa. Kitu kimoja kikikosekana, hakuna majadiliano. Mmoja anasema neno, mwingine anapanda. Hata rubani mdogo ana haki ya kulisema neno lile, na katika kompanyi nzuri mkubwa wake hamuulizi kwanza kwa nini. Anapanda, wataulizana baadaye. Kwetu, ambako mdogo hazoei kumkatiza mkubwa, naona hili ndilo gumu kuliko mengine yote.

Wanaongea pia juu ya njia ya kwenda baada ya kupanda. Si kupanda tu na kutangatanga. Kila uwanja wenye ramani una njia yake ya kurudi juu: nenda moja kwa moja mpaka urefu fulani, geuka upande fulani, ngoja mahali fulani. Fikiri Goma. Uwanja uko karibu mita 1,550 juu ya bahari, na upande wa kaskazini umesimama mlima Nyiragongo, mita 3,470. Rubani anayepanda tena akielekea upande ule, bila kujua atageuka wapi, anakwenda kukutana na mlima ndani ya mawingu. Na pisti yenyewe ililiwa na lava ya Januari 2002, ikabaki fupi kwa miaka mingi. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege ya DC-9 ya Hewa Bora ilijaribu kuondoka pale, ikashindwa kuruka, ikashindwa kusimama, ikaingia katika mtaa wa Birere, kati ya maduka na watu. Ile ilikuwa kuondoka, si kutua, najua. Lakini ni hesabu ile ile ya nafasi: ukikata shauri umechelewa, mita zilizobaki hazikusaidii.

Tuje kwetu. Luano iko karibu mita 1,300 juu ya bahari, Kolwezi iko juu zaidi, karibu 1,500. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Matadi au Dar es Salaam, na mwezi wa kumi, kabla mvua haijakaza, inakuwa nyepesi zaidi kwa joto. Moteri inakula hewa. Ikipata kidogo, inatoa nguvu kidogo. Moteri ya pistoni, zile za ndege ndogo, isiyo na turbo, inapoteza karibu sehemu 3 kwa 100 za nguvu kwa kila futi 1,000 za urefu. Fanya hesabu: Luano iko kwenye futi zaidi ya 4,000, kwa hiyo nguvu zaidi ya sehemu kumi kwa mia zimeshakwenda kabla hata ya kuhesabu joto. Bawa nalo linashika hewa vibaya. Ndege ndogo iliyojazwa watu na mizigo, ambayo kule pwani ingepanda vizuri, huku inapanda kama mtu mwenye gunia la makaa kichwani. Piloti aliyepanga vizuri anajua hilo tangu anapopima mizigo asubuhi. Anajua kwamba akitaka kurudi juu, lazima aamue mapema, akiwa bado na urefu wa kutosha, si pale majani yanapogusa magurudumu.

Viwanja vya migodi na vya mission viko hivyo hivyo, na vingine vibaya zaidi. Kuna viwanja huko Kivu vinavyopanda mlima: unaingia upande mmoja, unatoka upande huo huo, na mbele kuna ukuta wa msitu. Huko mahali pa mwisho pa kubadili shauri hapako juu ya pisti. Pako mbali, kwenye bonde, na rubani ameweka alama: mto fulani, paa la kanisa. Akishapita alama ile, anatua, liwe liwalo. Karibu na Walikale, pale Kilambo, kwa miaka mingi ndege ndogo za kubeba kasiterite zilitua juu ya barabara ya lami yenyewe. Magari yanasimamishwa, ndege inashuka, inajaza, inaondoka. Jaribu kupanga kurudi juu mahali kama pale.

Jambo jingine ni mafuta. Kanuni za kimataifa zinataka ndege ibebe mafuta ya kufika inakokwenda, ya kwenda uwanja mwingine kama wa kwanza umefungwa, na juu ya hayo akiba ya mwisho, dakika 30 kwa ndege za jeti, ambayo haiguswi ila kwa hatari. Kwa anayekuja Luano, uwanja mwingine unaweza kuwa Kolwezi au Ndola, kufuatana na ukubwa wa ndege. Ndola, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, ile ile ambako ndege ya Dag Hammarskjöld ilianguka usiku wa 17 kuamkia 18 Septemba 1961, katika siku zile zile ambapo Likasi yetu, iliyoitwa bado Jadotville, ilikuwa imezingirwa na vita na ndege ya Fouga ya Katanga inapita juu ikipiga. Wazee wa hapa wanaikumbuka sauti ile mpaka leo. Bon, turudi kwenye mafuta. Rubani mwenye mafuta ya kutosha ana uhuru wa kupanda mara moja, hata mara mbili, kisha kwenda kwingine. Rubani aliyebeba machache ili kompanyi ipate faida hana uhuru huo, anaposhuka, ameshafungwa. Sisi abiria tunalipa tiketi, tunalipa Go-Pass, lakini hakuna hata mmoja wetu anayeuliza yale mafuta.

Mfano wa jirani ni Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya ATR ya Precision Air ilitoka Dar es Salaam na watu 43. Ilifika asubuhi juu ya Ziwa Victoria, ikakuta mvua na mawingu, ikazunguka ikingoja. Mwanza, uwanja mkubwa zaidi, ulikuwa ng'ambo ya ziwa. Kisha ikajaribu kuingia, na ikagusa maji mita 500 hivi kabla ya pisti. Wavuvi ndio waliofika kwanza, na kijana mmoja, Majaliwa Jackson, akasifiwa na taifa zima kwa kusaidia kufungua mlango. Watu 24 walipona, 19 wakafa, pamoja na marubani wote wawili. Rubani yule hakuwa na haraka mwanzoni. Alizunguka, alingoja, kama inavyotakiwa. Ndiyo sababu habari ile inaniuma. Kungoja ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kukubali, unapoingia tena na anga haijasafika, kwamba hata mara hii unaweza kuondoka.

Na kuna kupanda tena kunakochelewa. Tarehe 4 Aprili 2011, ndege ya Umoja wa Mataifa, aina ya CRJ-100, ilitoka Kisangani kwenda N'Djili. Ilikuwa na watu 33. Juu ya Kinshasa kulikuwa na dhoruba ile ya mstari mrefu, inayokuja na upepo mbele na giza nyuma. Marubani waliendelea kushuka, wakafika chini sana, hawakuiona pisti, wakaamua kupanda. Wakati ule ule upepo mkubwa ulioshuka kutoka ndani ya wingu ukaikandamiza ndege chini. Akapona mtu mmoja. Walifanya lile ninalolisifu hapa, walirudi juu, lakini walilifanya ndani ya dhoruba. Mahali pake palikuwa dakika kadhaa nyuma, nje ya wingu, wakati bado wangeweza kugeuka na kungoja ipite. Dhoruba za namna ile hazikai. Nusu saa, saa moja, zimepita. Miezi mitatu baadaye, tarehe 8 Julai 2011, Boeing 727 ya Hewa Bora ilianguka kabla ya pisti ya Kisangani, tena katika hali mbaya ya anga, na zaidi ya watu 70 wakafa. Mwaka mmoja, nchi moja, mvua mbili.

Mpaka hapa nimesema kama ndege iko peke yake angani. Lakini viwanja vyetu vimeanza kujaa. Siku za shughuli za migodi, Kolwezi inapokea ndege za kukodi za kila aina, zinafuatana. Tarehe 17 Novemba 2025 ndege ya Embraer iliyotoka Lubumbashi na waziri wa madini Louis Watum Kabamba na watu wake, wakienda kwa sababu ya maafa ya mgodi wa Kalando, ilitoka nje ya pisti pale Kolwezi na kuwaka moto. Wote walitoka wazima, Mungu asifiwe, na kilichosababisha ni kazi ya wachunguzi. Ninachosema ni kwamba siku kama ile kuna ndege nyingine nyuma zinazokuja. Pisti imefungwa ghafla. Kila moja inapaswa kurudi juu, na kila moja inapaswa kujua itakwenda wapi bila kumgonga mwenziwe.

Sasa kupanda tena kunakuwa na hatari yake. Chini yako pengine kuna ndege iliyokuwa inangoja kuondoka, na watu wa mnara wameiruhusu. Inapanda nayo, usiyoiona kwa sababu iko chini ya tumbo lako. Marubani wa viwanja vya namna hiyo wana desturi: unapanda, unasogea kidogo kando ya pisti, upande ambao utaiona ile ya chini, unabaki sambamba nayo, hugeuki mapema kwenda kukata njia ya wanaozunguka. Na unasema redioni. Lakini redio inakuja mwisho. Kwanza nguvu za moteri, kisha pua ya ndege, kisha mabawa yanarudishwa kidogo-kidogo, si yote mara moja, kisha magurudumu yanaingia ndege ikishapanda kweli. Ukishaishika ndege, ndipo unaongea. Mwenye kuanza na redio, mkono mmoja huku na mawazo kule, anaweza kuanguka akiwa katikati ya sentensi.

Nairobi wanajua kujaa kulivyo. Wilson ni uwanja wa ndege ndogo, za watalii, za misaada, za wanafunzi, pisti zinakatana. Tarehe 5 Machi 2024, Dash 8 yenye watu 44 iliyokuwa imeondoka kwenda Diani iligongana angani na Cessna 172 ya mafunzo, juu ya mbuga ya taifa iliyo karibu. Wawili wa Cessna walikufa. Ile kubwa ikarudi na kutua. Haikuwa habari ya kurudi juu, lakini inaonyesha anga ya uwanja uliojaa ni nyembamba namna gani, na kwa nini mtu asipande tena na kugeuka bila kutazama.

Wanaojaza uwanja kuliko wote ni Wamarekani. Kila mwisho wa Julai, katika mji wa Oshkosh, jimbo la Wisconsin, kuna sikukuu ya ndege, na karibu ndege 10,000 zinafika katika mkoa ule kwa wiki moja. Zinakuja kwa mstari mmoja, nusu maili kati ya moja na nyingine, na mwongoza ndege anamwambia rubani atikise mabawa kama amesikia, kwa sababu redioni hakuna nafasi ya kila mtu kujibu. Juu ya pisti wamechora alama za rangi, ndege mbili au tatu zinatua kwa pisti moja, kila moja kwenye rangi yake. Ukisikia hivyo unasema ni wazimu. Lakini kabla ya kuondoka nyumbani kila rubani anapaswa kusoma kitabu cha maagizo, na humo imeandikwa: ukiona mstari unabanana, usicheze zigizaga, usizunguke hapo hapo mbele ya wenzako, toka mstarini, rudi mwanzo, ingia upya. Kule, kurudi mwanzo kumeandikwa karatasini kama sehemu ya safari. Hakuna anayekucheka.

Nisije nikaonekana ninasema kwamba kupanda tena ni salama daima. Tarehe 23 Agosti 2000, Airbus A320 ya Gulf Air iliyotoka Cairo ilifika Bahrain usiku na mbio nyingi. Rubani akazunguka chini-chini, haikusaidia, akapanda. Mbele yake ilikuwa bahari nyeusi, hakuna taa hata moja. Ndege inapoongezewa nguvu ghafla gizani, sikio la ndani linamdanganya mtu: anahisi pua imepanda mno, kumbe haijapanda. Rubani aliisukuma pua chini, na ndege ikaingia baharini na watu 143. Hakuna aliyepona. Dawa ya udanganyifu ule ni kutazama vipimo na kuviamini, na mtu anaviamini kama amefanya zoezi mara nyingi kwenye mashine ya mafunzo. Marubani wengi wanafanya zoezi la kupanda tena moteri moja ikiwa imezimika, jambo la nadra, na wanasahau lile la kila siku: moteri zote nzima, nguvu nyingi kuliko walivyozoea, ndege nyepesi mwisho wa safari, inaruka kama jiwe la manati.

Tangu 2006 Ulaya imeyafungia makompanyi yetu yote ya ndege. Tunaweza kukasirika, na mara nyingine ninakasirika. Lakini orodha ile haiondoki kwa hasira. Serikali ina Autorité de l'Aviation Civile ya kukagua, ina RVA ya kuongoza ndege, ina METTELSAT ya kupima anga. Mimi si fundi. Kama msafiri ningeomba mambo mawili tu. La kwanza, kompanyi isimuulize rubani kwa nini alipanda. Imuulize yule aliyetua vibaya kwa nini hakupanda. La pili ni dogo na halina gharama: wakisharudi juu na ndege imetulia, rubani au hostesi aseme pole-pole kwa Kiswahili, na Lingala kwa wa kule: "Tulikuwa tunashuka, hatukupenda namna tulivyokuwa tunashuka, tumerudi juu kwa kusudi, tutazunguka na kutua tena. Mafuta yapo." Sentensi moja. Ndani ya ndege ile yetu ingezima nusu ya vilio.

Ile jioni gari lilimshusha yule mama wa kitenge pale Kikula, kwa binti yake. Njia yote hakuongea, wakati wengine walikuwa wanavunja ndege vipande kwa maneno. Niliposhuka kumsaidia na mizigo aliniuliza: "Mwanangu, ule piloti, jina yake njo nani?"

Sikulijua. Hakuna hata mmoja wetu ndani ya gari aliyelijua.